Mashauri ya Nyumbani: Vumbi ndani ya motokari



Nani hajui vumbi nyekundu ya barabara za Kolwezi? Inaingia katika motokari hata vioo vikifungwa. Tusiipanguse na kitambaa kikavu: mchanga unakwaruza plastiki, na vumbi inaruka tu, tunaivuta. Tena si vumbi ya bure. Mwaka 2009 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba wakaaji wa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo, zaidi sana watoto. Na mtoto anagusa tablo, kisha anatia kidole kinywani.

Basi tufanye hivi. Fungua milango yote, toa tapi. Tia matone ya sabuni katika mayi ya vuguvugu. Chovya kitambaa laini, ukikamue sana, sababu mayi yakiingia kwenye butoni yataharibu umeme. Katika matundu ya hewa pitisha brosi laini. Maliza na kitambaa cha mayi safi, kisha kikavu. Nawa mikono.

Vijana wengine wanapakaa mazutu ili tablo ing'ae. Hapana! Inakamata vumbi upya na kuharibu plastiki. Esanse ni mbaya zaidi: mvuke wake unawaka moto. Hata mafuta ya dukani ya kung'arisha, usipakae kwenye usukani wala pedali: yanateleza.

Jua nalo linapasua tablo. Simamisha motokari chini ya muembe, ao funika tablo na kikwembe cha zamani. Ukianza safari, kitoe.

Tuonane mwezi ujao.