MASTAA WA CHAI YA KUPUNGUZA UZITO, HUKU BARIADI MNATUUMIZA!

Leo sina ubuyu wa nani kamwacha nani. Leo nina hasira, na nataka tuambiane ukweli bila kupepesa macho.

Kuna staa mmoja wa kike wa Bongo Movie, jina kapuni. Alikuwa bonge la mama na tulimpenda hivyo hivyo. Akapotea miezi kadhaa, akarudi kiuno kama nyigu. Wa karibu yake wanajua alitibiwa hospitali, chini ya madaktari, kwa hela ndefu. Hilo siyo kosa hata kidogo, mwili ni wake na hela ni yake. Kosa ni kwamba alivyorudi tu akaposti picha mbili, ya zamani na ya sasa, akaandika kuwa siri yake ni CHAI. Pakiti elfu hamsini, na mikoani anatuma kwa basi.

Sasa wanunuzi ni akina nani? Siyo matajiri wenzake. Ni dada wa saluni, ni mama muuza mitumba, ni binti wa chuo anayejinyima kula ili alipie mzigo. Dada mmoja hapa mjini mwenye presha aliinunua. Muuzaji akamwambia WhatsApp asichanganye na dawa za hospitali "ili ifanye kazi vizuri". Akaacha vidonge vyake vya presha. Wiki ya tatu akadondoka kazini, akabebwa kwenye bajaji mpaka hospitali. Mungu saidia yuko hai. Alipomtumia staa meseji kulalamika, akablokiwa!

Tuelewane hiyo chai inafanyaje kazi. Nyingi ya aina hii zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unaenda chooni mara tano, unapanda mzani, umepungua kilo mbili, unashangilia. Ulichopoteza ni maji, mafuta yako yapo pale pale! Ukinywa maji na kula vizuri kilo zinarudi. Ukiendelea kuharisha unapoteza chumvichumvi za mwili zinazosaidia moyo kupiga sawasawa. Na wewe unayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, jua kuharisha sana kunaweza kufanya kidonge kisifanye kazi. Ukija kupata mimba usimsingizie mtu.

Kuna mbaya zaidi. Duniani zimeshakamatwa nyingi zinazoitwa "asilia" huku ndani zimechanganywa kimyakimya na dawa inaitwa sibutramini. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mtu mwenye presha akinywa hiyo ni kama kumwagia moto petroli.

Najua kuna watu wameshaanza, "una wivu na hela za watu", "unatukana mabonge". Hapana. Kumtukana mtu mnene hakumpunguzi hata gramu moja. Unene una sababu nyingi: kuna kurithi, kuna uzazi, kuna dawa, kuna misosi na kukaa. Lakini pia siwezi kuwadanganya kuwa hauna madhara. Unaleta presha, kisukari, magonjwa ya moyo, kiharusi, magoti kuuma, na baadhi ya kansa. Huku kwetu Usukumani mtu akipooza upande mmoja tunasema katupiwa kitu, tunaanza kuzunguka kwa waganga. Kumbe presha ilimtafuna miaka mingi na hakuna aliyempima.

Na tatizo linakua. Utafiti wa taifa wa 2010 ulionyesha wanawake 22 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Wa 2015/16 wakafika 28. Hiyo ndiyo njaa ya soko wanayoila hawa mastaa.

Wanaume msicheke! Kuna mheshimiwa mmoja hapa kwetu, jina kapuni, kila akishika maiki lazima apigepige kitambi na kusema "haya ni matunda ya kazi". Vijana wanapiga makofi. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha tumboni. Mwanaume ukizidi sentimita 102, mwanamke 88, hatari ya moyo na kisukari ni kubwa. Heshima gani hiyo ya kutafuta ganzi miguuni?

Sasa kinachofanya kazi ni nini? Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wanakaribia kupata kisukari, matokeo yakatoka 2002. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58, wakakipita hata kidonge. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 90 ni kama kilo 6 tu! Dakika 150 ni nusu saa siku tano. Kwa mguu kutoka Somanda mpaka sokoni ni bure, bodaboda muache apumzike.

Msosi nao hauhitaji supamaketi. Tuna mlenda, dengu, choroko, kunde na dagaa wa Busega. Punguza ugali ule wa mlima, ongeza mboga. Chipsi mayai kila usiku, hapana. Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, ndiyo maana nasema anza na maji.

Na aliyezidiwa kabisa aende hospitali bila aibu. Mloganzila pale Dar wanaweka puto tumboni, wapo wataalamu. Hiyo ni tiba, ina vipimo na daktari wa kukujibu ukizidiwa.

Kwa hiyo ninyi mastaa, kama chai yenu ni dawa, tuonyesheni usajili wa TMDA. Na kama mlitibiwa hospitali, semeni. Mngesema ukweli mngeokoa watu wengi kuliko hizo pakiti.

Wewe msomaji, umeshawahi kuuziwa? Tupia komenti hapo chini. Na kama una presha, USIACHE dawa kwa meseji ya muuza chai.