Bima ya nyumba: soma majanga kabla ya kulipa



Hivi karibuni mfanyabiashara mmoja wa hapa Tunduma alinionyesha hati ya bima ya nyumba yake. Alikuwa ameilipia miaka mitatu akiamini inafidia janga lolote. Tulipoisoma pamoja tukakuta moto na radi tu. Upepo, mafuriko, tetemeko la ardhi na mlipuko wa volkano havikuwemo.

Hakuibiwa. Bima ya moto ya kawaida ndivyo ilivyo: majanga ya asili huongezwa kwa ada ya ziada, na mara nyingi ni mpaka wewe mwenyewe uombe. Kisichoandikwa hakilipwi.

Utasema, volkano na Songwe wapi na wapi? Tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Jirani zetu wa Rungwe wana mlima Kyejo, uliomwaga uji wa volkano yapata miaka 200 iliyopita. Septemba 2016 tetemeko liliangusha nyumba nyingi Kagera. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, uji wake ukateketeza maelfu ya nyumba karibu na Goma.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba usinunue bima kwa hofu ya volkano peke yake. Kwetu upepo ndio unaoezua mapaa. Anza na moto na upepo, kisha uliza bei ya kuongeza tetemeko na volkano. Kama unaimudu bila kugusa pesa ya mbolea, ongeza.

Kabla ya kulipa, fanya haya:

1. Hakikisha wakala ana leseni ya TIRA.
2. Mwambie akuonyeshe neno "volkano" kwenye hati. Ahadi ya mdomo haitoshi.
3. Taja thamani halisi ya nyumba. Ya milioni 40 ukiiandikisha milioni 20, hasara ya milioni 10 unaweza kulipwa milioni 5 tu.
4. Uliza kama mahindi ya stoo na bidhaa za dukani zimo. Mara nyingi huandikishwa peke yake.
5. Piga picha za nyumba, tunza risiti, na janga likitokea toa taarifa mapema.

Leo jioni toa hati yako kabatini uisome. Usipoielewa, njoo nayo ofisini tuisome wote.