Anemoni Hapangiwi Pa Kukaa

Kwa kawaida barua zinazonifikia hapa ni za wivu, mawifi na nani alipe bili ya umeme. Mwezi huu nimepata moja ya aina yake, nikaona tuijadili wote, maana nyuma ya samaki na maji ya chumvi kuna mambo mazito ya ndani ya nyumba.

Imetoka kwa dada anayeishi Muscat, Oman. Mumewe ana tangi la maji ya bahari sebuleni, la lita 300, ambalo amelitunza miaka miwili sasa. Ndani yake kuna matumbawe ya kila rangi, yaliyoanza kama vipande vya ukubwa wa kidole. Dada anataka anemoni, pamoja na wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao dunia nzima iliwafahamu kupitia filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Mume hataki hata kusikia. Anasema anemoni mmoja tu atamuulia bustani nzima. Dada anaona huo ni ubinafsi: tangi liko sebuleni kwao wote, lakini mwenye sauti ni mmoja. Anauliza, nani yuko sahihi?

Jibu langu, dada yangu, ni kwamba wote wawili mko sahihi. Ngoja nieleze.

Shemeji ana hoja

Anemoni anaonekana kama ua, lakini ni mnyama. Ni ndugu wa matumbawe, ana mdomo katikati, minyiri kuuzunguka, na mguu mmoja mpana wa kujishikiza kwenye jiwe. Minyiri ile ina chembe zinazochoma. Tumbawe likiguswa nayo kwa muda, nyama yake inaungua na kufa.

Sasa, tumbawe ukiligundisha mahali linakaa hapo hapo. Anemoni anatembea. Polepole, ndiyo, lakini unaweza kulala yuko kulia ukaamka yuko kushoto, na njia nzima aliyopita imeacha majeruhi. Hapo ndipo kasheshe linapoanza.

La pili ni zito zaidi. Akiwa anazurura anaweza kuvutwa na pampu ya mawimbi na kukatwakatwa. Mwili wake ni laini na umejaa maji. Akifa au akisagwa, maji yote yanachafuka, amonia inapanda, na tangi la miaka miwili linaweza kuisha kwa usiku mmoja. Kwa hiyo shemeji anaposema anaogopa, si maneno ya kukunyima raha. Ameona mbali.

Na dada naye ana hoja

Lakini yote hayo yanazuilika. Wapo watu wengi wanaofuga anemoni na matumbawe tangi moja kwa miaka, na hakuna aliyelia. Kinachotakiwa ni kumpangia tangi kabla hajafika, maana yeye mwenyewe hapangiwi pa kukaa.

Na anemoni ni wa kuishi muda mrefu. Mwaka 1828 mwanasayansi John Dalyell alimchukua anemoni mmoja kwenye pwani ya Uskochi, akamweka kwenye chupa ya maji ya bahari. Dalyell alifariki mwaka 1851, anemoni akabaki mikononi mwa watu wengine hadi mwaka 1887. Walimwita Granny, yaani Bibi. Hakuwa wa aina hii tunayoizungumzia, na hapakuwa na pampu wala taa za kisasa. Ila palikuwa na mtu wa kubadilisha maji bila kuchoka. Kwa hiyo kabla hamjafungua pochi, jiulizeni: je, tuko tayari kwa mgeni wa miaka mingi?

Kama ndiyo, haya ndiyo masharti.

Chagueni aina inayostahimili. Kwa anayeanza, bora ni yule ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama mapovu. Kitaalamu anaitwa Entacmaea quadricolor. Achaneni na wale wakubwa bapa kama zulia. Wanachoma vikali na wanaweza kumla samaki aliyejipitia tu. Mtafuteni aliyezaliwa kwenye tangi la mfugaji mwingine, kwa kuwa aina hii hujigawa mara mbili na kila nusu ikawa mnyama kamili. Huyo ameshazoea maisha ya kwenye kioo.

Mchunguzeni kabla ya kulipa. Mdomo uwe umefumba, mguu usiwe na jeraha, minyiri iwe inanata. Mweupe pe muacheni hata kama anapendeza. Weupe ule maana yake amepoteza mwani wadogo wanaoishi ndani ya mwili wake na kumlisha kwa nguvu ya mwanga. Na mwenye rangi ya njano kali kama ya pipi, ulizeni mara mbili, kuna wanaopakwa rangi. Kipya kinyemi, lakini hapa fungueni macho.

Tangi liwe limekomaa. Chini ya miezi sita msijaribu, na mwaka mmoja ni bora zaidi. Miaka miwili ya shemeji inatosha kabisa. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27, uzito wa chumvi 1.025 au 1.026, amonia sifuri, na naitreti iwe chini. Kikubwa ni kwamba namba hizo zisiyumbeyumbe. Maji yakipungua kwa mvuke, ongezeni maji safi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi yenyewe haipandi na mvuke. Kwa Muscat, ambako joto la nje wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40, mashine ya kupoza maji si anasa. Na sisi wa Dar es Salaam tunaojua umeme unavyokatika, pampu ya hewa ya betri iwe karibu.

Zibeni kila mtego. Kabla hajaingia, kila pampu ivikwe sponji au wavu, kila tundu la kutolea maji liwe na kichujio, na hita iwekewe kizuizi asije akaiegemea akaungua. Sponji zile zioshwe mara kwa mara zisizibe. Siku za mwanzo ndizo za hatari zaidi, kwa sababu ndipo anapozunguka akitafuta pake.

Mpeni kisiwa chake. Hili ndilo litakalowapatanisha. Jengeni jiwe la peke yake, lenye ufa wa kuficha mguu, mahali penye mwanga wa kutosha na mkondo wa wastani, na kulizunguka acheni mchanga mtupu. Aina hii hupenda kushika jiwe na kwa kawaida haivutiwi na kuvuka uwanja wa mchanga. Si ukuta wa chuma, lakini inasaidia sana. Matumbawe ya shemeji yabaki upande wa pili, na nafasi iwe kubwa kuliko mnavyodhani, maana akinyooka anaweza kufika sentimita 30 kwa upana. Msipime kwa ukubwa aliokuja nao kutoka dukani.

Akihama, msimvute. Mguu ukichanika ni rahisi aoze na kufa. Akihama anawaambia kitu: mwanga haumtoshi au umezidi, mkondo ni mkali, au maji yameharibika. Pimeni maji kwanza. Ikibidi ahamishwe, inueni jiwe zima akiwa juu yake. Na kama ni tumbawe ndilo lililo njiani mwake, lisogezeni tumbawe.

Chakula ni kidogo tu, kipande cha kamba cha ukubwa wa ukucha, mara moja au mbili kwa wiki. Mkiingiza mikono tangini vaeni glavu na msijiguse macho. Akisinyaa kwa saa chache msipige kelele, ndivyo anavyotoa uchafu. Lakini akilegea kutwa nzima huku mdomo umeachama na anatoa harufu mbaya, mtoeni siku hiyo hiyo, badilisheni maji, na wekeni mkaa maalumu wa kuchujia.

Ombi moja: kama mko pwani yetu, msiende kumng'oa baharini. Bongoyo na Mbudya, kwa mfano, ni maeneo tengefu yanayolindwa chini ya sheria ya mwaka 1994. Anemoni aliyeng'olewa huko amewaachia samaki wake bila nyumba. Tanzania na Kenya tunao wa kwetu, Amphiprion allardi, na Oman wanao wenye jina la nchi yao, Amphiprion omanensis. Wale waacheni kwao.

Na hao samaki?

Hapa dada nikwambie ukweli. Wale wa rangi ya chungwa wanaweza kuishi vizuri tangini bila anemoni, na hata ukimleta, hakuna uhakika kwamba watamkubali. Wengine huingia siku ya kwanza, wengine humpita miezi kama hawajamwona. Kwa hiyo kama unachotaka hasa ni samaki, anzeni na samaki. Shemeji hana sababu ya kukataa hilo.

Wakikubaliana na anemoni, basi ni ndoa ya kuigwa. Anemoni anawalinda kwa minyiri yake, samaki wanawafukuza wanaotaka kumla, na kinyesi chao kinawalisha wale mwani wa ndani yake. Kati ya samaki wenyewe, mkubwa ndiye jike na ndiye mwenye amri. Akifa, dume lake hubadilika likawa jike. Shemeji, hapo soma polepole.

Uamuzi wangu sasa. Dada, usimnunue kwa kushtukiza. Hata iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa, anemoni si zawadi ya ghafla, kwani atakayelipa ni kazi ya miaka miwili ya mwenzio. Shemeji, "hapana" bila maelezo si jibu kwa mke wako. Mwonyeshe unachoogopa, mpe upande wake wa tangi, kazi ya kupima maji iwe ya wote. Halafu kaeni pamoja mkijenga hicho kisiwa. Mkishindwa kukubaliana kuhusu jiwe moja, basi mgeni asubiri.

Tukutane mwezi ujao. Mpaka hapo, pendaneni.