TUPIME MAJI KABLA YA KUPANDA MTUMBWI

Chama cha Jiografia cha shule yetu chataka kufanya safari ya mitumbwi wakati wa likizo: kupita kandokando ya Ghuba ya Speke, kisha kuingia Mto Simiyu na kuupanda kwa siku mbili. Safari hii ni njema nami naiunga mkono. Lakini katika mkutano wa matayarisho wenzetu walihesabu makafi, sufuria na unga, wala hakuna aliyehesabu maji. Mmoja aliyeshauri kwamba maji yapimwe kwanza alichekwa, akaitwa mwoga. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyesema neno la maana siku ile, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, mto si ziwa. Ziwa Victoria ni pana mno, kwa hiyo hupanda na kushuka polepole, kwa miezi na miaka. Simiyu ni mwingine kabisa. Wakati wa kiangazi hupungua hata ukabaki mchanga na madimbwi. Mvua kubwa ikinyesha hufurika kwa muda wa saa chache tu. Tena si lazima mvua hiyo inyeshe hapa kwetu. Maji ya Simiyu hutoka mbali upande wa mashariki, huko Serengeti, Meatu na Maswa. Basi mtu aweza kusimama Magu, jua linawaka na mbingu ni safi, kumbe maji ya mvua ya jana yako njiani yanakuja. Atazamaye mbingu ya Magu peke yake hajatazama kitu.

Pili, maji machache nayo yana hatari yake. Mto ukipungua, viboko na mamba hukusanyika katika vilindi vichache vilivyobaki, na vilindi hivyo ndivyo njia pekee ya mtumbwi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mto umejaa. Yafaa kuuliza umejaa kiasi gani.

Wako wasemao kwamba wavuvi wetu hawana vipimo, nao huenda Ukerewe na kurudi salama. Nawaheshimu wazee hao, lakini si kweli kwamba hawapimi. Mvuvi wa Mwanza hupima kila siku, na kipimo chake ni mawe. Ajua jiwe lipi likionekana apite kulia, na lipi likifunikwa asipite kabisa. Kipimo chake kimo kichwani mwake, nasi wageni hatunacho.

Tena mawe hayo hayakai vilevile machoni pa watu. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka karibu mita 3 chini ya kimo cha 1964, na mwezi wa Mei 2020 likarudi mpaka kimo kile kile, likaingia katika mialo na nyumba za watu wengi. Fikirini, basi: jiwe lililosimama mita 2 na nusu juu ya maji mwaka 2006, mwaka 2020 lilikuwa limejificha nusu mita tu chini yake, mahali hasa pa kupasua tumbo la mtumbwi uliosheheni. Aliyejifunza njia mwaka mmoja hana budi kujifunza tena.

Sasa tufanye nini? Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ina ofisi hapa Mwanza, na kupima ziwa na mito ni katika kazi zake. Barua moja ya mwalimu yatosha kuuliza. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kila siku. Wako wanafunzi wenzetu watokao Maswa na Meatu. Wazazi wao wapigiwe simu waseme kama mvua imenyesha. Na tukifika mtoni jioni, tusimike mti ukingoni, tukate alama kwa kisu pale maji yalipofika, tuitazame alfajiri. Maji yakiwa yamepanda shubiri moja, au yamekuwa mekundu na kuchukua magogo na majani, siku hiyo hatuingii.

Sheria hiyo iandikwe kabla ya safari, na mwalimu aitie sahihi. Vijana ishirini waliokwisha kufunga mizigo hawana masikio. Hawatakubali kurudi isipokuwa walikubali tangu nyumbani.

Najua neno hili halitapendwa. Wazazi watakuwa wamekwisha kutoa nauli, nao hawana fedha za kuchezea. Mimi mwenyewe niko kidato cha nne; safari ikiahirishwa mpaka mwakani, sitakuwapo. Hata hivyo nasema iahirishwe ikiwa maji yatakataa. Nauli iliyopotea mzazi aweza kuitafuta tena akauza pamba au mpunga. Mtoto aliyepotea mtoni hauzi kitu akampata.

Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi hatujayafika bado. Basi tuyapime kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne