Damu Itangulie, Mgonjwa Afuate

Ndugu Waislamu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta tiba, na tiba haitafutwi kwa kubahatisha. Ijumaa hii twautazama ugonjwa ambao kuubahatisha kwaweza kumpofusha mtu.

Tuchukue mfano wa mama wa Heru Juu, katika vilima vya Kasulu, aliyeamka jicho moja limefifia. Akapata nafuu, miezi baadaye miguu ikafa ganzi. Hapo uchawi hunong'onwa, na jina la jirani likatajwa. Dhana ya namna hiyo ni dhambi, na imebomoa nyumba nyingi. Ilhali huenda ni multipo sklerosisi, maradhi ambamo kinga ya mwili huugeukia ubongo na uti wa mgongo.

Au huenda siyo. Yapo maradhi yanayofanana nayo, nyuromailaitisi optika, ambayo huwaandama zaidi watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 2004 wataalamu walieleza kingamwili inayoyatambulisha katika damu. Mwaka 2005 ikajulikana kuwa hushambulia protini iitwayo akwaporini-4. Kipimo hicho si anasa, kwani baadhi ya dawa za multipo sklerosisi, interferoni ikiwamo, huweza kumdhuru mwenye maradhi haya ya pili.

Kwa multipo sklerosisi yenyewe, picha ya MRI bado haikwepeki. Hata hivyo, vigezo vipya vilivyochapishwa mwaka 2025 vimekubali kipimo cha minyororo myepesi ya kapa katika maji ya uti wa mgongo, ambacho mashine hukifanya kwa wepesi kuliko kile cha zamani.

Rai yetu ni hii. Mgonjwa hutoka Kasulu hadi Maweni, Kigoma; akielekezwa Muhimbili, safari hupita kilomita 1,000, na shamba huuzwa njiani. Kwa nini damu yake isitangulie? Matone ya damu ya vichanga wa mama wenye VVU hukaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara za mbali, wala hatuoni ajabu. Chupa ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubaridi nayo yaweza kusafiri. Wizara na ilipange hilo, na familia ziulize hospitalini kabla ya kumwendea mganga.

Majibu hasi hayaondoi shaka yote. Hapo mama na asafiri, akijua anakwenda kutafuta nini.