Mkuu asiyesikia naye huvunjika guu

Kila anapoteuliwa mwalimu mkuu mpya, maswali huwa ni yale yale: ana shahada gani, amefundisha miaka mingapi, na shule aliyotoka ilishika nafasi ya ngapi katika mtihani wa kitaifa. Ni nadra kusikia mtu akiuliza iwapo mteule huyo anaweza kuizuia hasira yake, au kuitambua huzuni ya mwalimu aliyenyamaza mkutanoni. Naamini swali hili lina uzito sawa na hayo mengine, na pengine kuyashinda.

Mwaka 1990, wanasaikolojia wa Marekani Peter Salovey na John Mayer waliuita uwezo huo akili ya hisia, na kitabu cha Daniel Goleman cha mwaka 1995 kikaieneza dhana hiyo miongoni mwa mameneja. Kwa ufupi, ni kuzijua hisia zako na kuzitawala, kisha kuzitambua za wenzako na kuzizingatia unapoamua. Sisi wa Pwani, hata hivyo, tuna funzo la kale kuliko vitabu hivyo.

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilimtuma Arthur Champion kuwasimamia Wagiriama, akusanye kodi na kutafuta vijana wa kufanya kazi mashambani. Champion hakuwa mjinga. Alizichunguza mila za Wagiriama kwa makini, na maandishi yake juu yao yakachapishwa kuwa kitabu mwaka 1967.

Masimulizi ya Wagiriama yanaeleza kwamba, katika baraza la mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alimletea kuku mwenye vifaranga, akamtaka achukue kimoja. Kuku akamdonoa. Mekatilili akamwambia kuwa ndivyo itakavyokuwa akithubutu kuwachukua vijana wao. Champion akampiga kuku risasi. Alimjibu kuku, ujumbe hakuujibu.

Mekatilili, kwa upande wake, aliyasoma majonzi ya watu. Aliwakusanya kwa kifudu, ngoma ya matanga, kisha wakala kiapo Kaya Fungo. Alihamishiwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, lakini mwaka uliofuata walitoroka na kurejea. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, na vita vikazuka.

Watakuwapo watakaosema kwamba Champion alitii amri tu, na kwamba moyo mwema haugeuzi dhuluma kuwa haki. Nakubali. Akili ya hisia si asali ya kupakwa juu ya shubiri. Lakini msimamizi aliye katikati ana kazi mbili: kuteremsha amri na kupandisha kilio. Aifanyaye ya kwanza pekee ni tarumbeta ya wakubwa wake.

Walimu wakuu wetu wako katikati vivyo hivyo. Juu yao kuna wizara na tume inayowaajiri. Chini yao kuna walimu na wanafunzi. Niliwahi kufundisha katika shule ambayo mkuu wake aliliondoa sanduku la maoni kwa kuwa maoni yalimkera. Manung'uniko hayakwisha, yalihamia mabwenini. Nchi iliyozika wavulana 67 wa Kyanguli mwaka 2001, baada ya bweni lao kutiwa moto, haina ruhusa ya kuyapuuza manung'uniko ya aina hiyo.

Kusikiliza si kukubali kila kitu. Mkuu anaweza kukataa ombi, mradi atoe sababu na wenye ombi waone kuwa wamesikika. Basi wanaoteua na kuwafunza wakuu wa shule, Kilifi na kwingineko, waulize kwanza jinsi mtu huyo alivyolijibu lalamiko la mwisho aliloletewa.

Tumewakaririsha wanafunzi kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ina upande wa pili. Mkuu asiyesikia la wadogo naye huvunjika, na aangukapo yeye, wanaoumia ni wengi.