Deki Inapotafuna Mkanda: Tuziokoe Amana Zilizomo Kabatini



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, katika nyumba nyingi za Bagamoyo, kuanzia Dunda na Magomeni hadi Kaole na Mlingotini, na kuteremka na pwani hadi Mapinga na Bunju, juu ya kabati au chini ya kitanda mna boksi la kanda za video. Ndani yake mna harusi za mama na shangazi zetu, maulidi, hitima, mihadhara, na darsa za masheikh ambao leo wametangulia mbele ya haki. Kando ya boksi hilo huwapo deki iliyofunikwa kitambaa, isiyowashwa kwa miaka. Siku inapowashwa picha huwa chenga tupu, au mashine hutafuna mkanda. Wenye nyumba hukata tamaa, deki ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kanda zikaishia jalalani.

Tumeona tulizungumze jambo hili sasa kwa sababu muda unatutupa mkono. Mfumo wa VHS uliotengenezwa na JVC ulianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Kampuni ya Funai, ambayo ndiyo iliyojulikana kuwa ya mwisho kuunda deki hizi duniani, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Kwa hiyo kila deki inayotupwa leo haina badala yake kiwandani. Mkanda nao hauozi kwa kuchezwa tu. Unaoza hata ukiwa umelala, na hewa yetu ya pwani yenye chumvi na unyevu haiuhurumii.

Tuelewe kwanza inavyofanya kazi

Mkanda wa VHS una upana wa milimita 12.7, na kaseti ya saa tatu ina zaidi ya mita 250 za mkanda. Kaseti inapoingia, vipini viwili huuvuta mkanda nje na kuuzungushia kipande cha chuma kinachong'aa, ambacho mafundi hukiita drami. Drami hiyo imeinama kidogo, na katika mfumo wa PAL tunaoutumia Tanzania huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Ubavuni mwake mmepachikwa hedi, vipande vidogo mno vinavyosoma picha. Sauti, katika deki za kawaida, husomwa na hedi nyingine isiyozunguka, iliyo pembeni. Kisha kuna mhimili mwembamba wa chuma na gurudumu dogo la mpira. Viwili hivi huubana mkanda na kuuvuta kwa mwendo usiobadilika, huku gurudumu jingine likiuviringisha kurudi ndani ya kaseti.

Mwenye kuyafahamu haya machache ameshafahamu nusu ya maradhi ya deki, kwani kila dalili huonyesha mahali pake.

Dalili na dawa zake

Kama deki haiwaki kabisa, tazameni soketi, plagi na fyuzi ya plagi kabla ya jambo jingine. Vikiwa vizima na bado haiwaki, basi ubovu umo katika sehemu ya umeme ya deki yenyewe. Hapo tunawasihi msiguse. Sehemu hiyo huweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kama inawaka na mkanda unazunguka, lakini luninga haionyeshi chochote, tatizo mara nyingi ni waya. Waya wa njano ni wa picha. Mweupe na mwekundu ni wa sauti. Luninga lazima ielekezwe kwenye ingizo la AV. Luninga nyingi za kisasa zina tundu moja dogo la AV linalohitaji waya wake maalumu.

Kama picha ni chenga lakini sauti ni safi, hedi za picha ni chafu. Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Kama chenga zimekaa kama utepe juu au chini ya picha, jaribuni kwanza kurekebisha treking kwa kitufe chake. Ikiwa sauti ndiyo iliyofifia na picha ni nzuri, basi aliyechafuka ni yule wa pembeni.

Kama picha inaviringika au imekosa rangi kwa kaseti moja tu, huku nyingine zikicheza vyema, huenda kaseti hiyo ililetwa na jamaa kutoka Marekani, ambako mfumo wao ni NTSC. Deki haina kosa. Kaseti za jamaa zetu wa Oman kwa kawaida ni PAL kama zetu.

Kama deki inakataa kucheza mara tu baada ya kutolewa chumba chenye kiyoyozi, unyevu umeganda kwenye drami. Deki nyingi zina kihisio kinachoizuia isicheze hadi ikauke. Iacheni saa moja au mbili, msiilazimishe.

Na ikiwa inatafuna mkanda, mshitakiwa wa kwanza ni mpira: lile gurudumu dogo limekuwa gumu na kuteleza, au raba inayozungusha magurudumu ya kaseti imelegea. Mkanda huvutwa nje, lakini hakuna wa kuupokea.

Namna ya kusafisha

Chomoeni deki kwenye umeme na msubiri. Fungueni skrubu za mfuniko kwa bisibisi ya nyota, na mziweke kwenye kisahani zisipotee. Chukueni kipande cha karatasi nyeupe safi, kiloweshwe alkoholi ya isopropili inayouzwa kwa kazi za elektroniki. Spiriti yenye rangi au mafuta haifai, kwani huacha utando. Bandikeni karatasi ubavuni mwa drami bila kuikandamiza, kisha kwa mkono wa pili izungusheni drami polepole kwa kushika juu yake. Karatasi itulie; drami ndiyo izunguke. Msisugue kwenda juu na chini hata mara moja, na msitumie pamba za masikio kwenye hedi hizo, kwa sababu nyuzi zake hunasa na kuzivunja. Hedi ikivunjika, deki imekwisha.

Pamba za masikio zinafaa kwa hedi ya sauti na kwa mhimili wa chuma. Gurudumu la mpira lipanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo hadi liache kutoa weusi, likauke. Subirini kila kitu kikauke kabla ya kuwasha.

Jambo moja huwasumbua wengi wanaojaribu deki barazani au chini ya mwembe mfuniko ukiwa wazi: deki husimama yenyewe au hurudisha mkanda nyuma bila sababu. Si ugonjwa. Ndani mna vihisio vya mwanga vinavyotambua mwisho wa mkanda, na jua kali huvidanganya. Hamieni kivulini au mfunike.

Mkanda ukishatafunwa, msiuvute. Chomoeni umeme, fungueni mfuniko, uondoeni mkanda kwenye vipini kwa vidole safi, kisha zungusheni gurudumu la kaseti taratibu hadi mkanda wote uingie. Kaseti iliyovunjika ganda si hasara: huwa na skrubu tano, na mkanda wake waweza kuhamishiwa ganda la kaseti nyingine.

Ukungu, na kanuni ya kaseti ya majaribio

Kabla ya kuingiza kaseti yoyote ya zamani, itazameni kwenye dirisha lake dhidi ya mwanga. Mkiona unga mweupe au madoa kwenye kingo za mkanda, huo ni ukungu. Msiicheze. Ukungu utaingia kwenye deki, na deki itaupeleka kwa kaseti zote zitakazofuata. Itengeni, ikaushwe mahali pakavu penye hewa, kisha ipelekwe kwa mwenye ujuzi.

Kanuni yetu ni hii: deki iliyotoka kufunguliwa ijaribiwe kwa kaseti isiyo na thamani, tena mara mbili au tatu, kabla ya kupewa sauti ya marehemu baba. Na kabla ya kaseti ya thamani kuingia popote, kivunjeni kile kijisahani kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwake. Kisipokuwapo, deki haiwezi kurekodi juu yake, hata mtoto abonyeze kitufe gani.

Suala la sitara

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Kina mama kadhaa wametuuliza: tuna kanda za harusi, za singo na za kupamba bibi harusi, humo mmejaa wanawake wasiojisitiri kwa kuwa walikuwa peke yao. Tuzipeleke dukani zihamishiwe kwenye kompyuta?

Jibu letu ni kwamba waliorekodiwa siku ile waliridhia kuonwa na waliokuwa ukumbini, si na fundi, wala mteja anayesubiri zamu yake. Nakala nayo hubaki katika kompyuta ya dukani, na leo nakala husafiri kwa simu kabla ya adhana moja kufuata nyingine. Wengine, kwa kuliogopa hilo, wanazichoma kanda zao. Tunaona hapana haja. Deki ikishapona, kifaa kidogo cha kunasa video huunganishwa baina yake na kompyuta, na kazi hufanyika sebuleni. Kaseti ya saa tatu huchukua saa tatu. Kinachotakiwa ni subira. Binti wa nyumba aliyesoma kompyuta kidogo anaiweza, na kanda haitoki mlangoni.

Kwa deki, fundi aitwe au apelekewe mashine tupu, bila kaseti ndani. Kubalianeni bei kabla hajaifungua, mwambieni ukweli wa kilichotokea, na msimcheleweshee ujira wake. Fundi mwaminifu wa deki siku hizi ni wa kutunzwa.

Kwa upande wa misikiti, tunapendekeza kila mtaa upate deki moja nzima iwe ya kuazimana, na orodha ya kanda za darsa zilizo majumbani iandikwe, kwa idhini ya familia za masheikh wenyewe. Sheikh Ramiya wa hapa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, aliishi kabla ya zama za video. Habari zake zimetufikia kwa vinywa vya wanafunzi na kwa maandishi. Waliofuata baadaye wametuachia hata sura na sauti. Itakuwa ajabu sisi tuliopewa zaidi tuhifadhi kidogo.

Basi wikiendi hii teremsheni boksi. Zisimamisheni kaseti wima kama vitabu, mbali na sakafu, dirisha la upande wa bahari na spika za redio. Andikeni juu ya kila moja jina na mwaka, maadamu yupo mzee nyumbani anayewatambua waliomo. Deki yaweza kungoja fundi wiki mbili. Kumbukumbu ya bibi haina ahadi hiyo.

Wabillahi tawfiq.